Usione Vyaelea: Newcastle Eagles na Gharama ya Mizizi

Wahenga waliponena kwamba usione vyaelea, vimeundwa, walikuwa wakimwonya anayestaajabia chombo kilichoko majini bila kumkumbuka fundi aliyekichonga. Onyo hilo linawafaa wale wanaoitazama historia ya Newcastle Eagles, timu ya mpira wa vikapu ya Kaskazini Mashariki mwa Uingereza, na kuyahesabu mataji yake tu. Ni kweli kwamba mataji hayo si haba. Kati ya mwaka 2006 na 2015 timu hii ilitwaa ubingwa wa ligi mara saba, na katika msimu wa 2005-2006, na tena ule wa 2011-2012, ilinyakua vikombe vyote vinne vilivyoshindaniwa. Hata hivyo, makala haya yanashikilia kwamba fahari ya Eagles haimo katika kabati la vikombe. Imo katika namna timu iliyoletwa mjini kama bidhaa ilivyogeuka ikawa mali ya wenyeji, na namna mgeuko huo ulivyoinusuru pale fedha za matajiri zilipotoweka.

Kwanza, ni sharti ukweli mmoja usemwe bayana: chimbuko la timu hii si Newcastle. Ilizaliwa Sunderland, mji ulio kwenye mlango wa mto Wear, kama kilomita 20 kutoka Newcastle. Huko ilichezea katika ukumbi wa Crowtree, na ilikuwa na mashabiki wake waliokuwa wakiishangilia kabla jina la Eagles halijatajwa na yeyote. Anayeufahamu uhasama wa kisoka baina ya miji hii miwili atatambua kwamba umbali huo mfupi ni safari ndefu. Kumchukulia mtu wa Sunderland timu yake na kuipeleka Newcastle ni sawa na kumnyang'anya mtu jembe lake na kumkabidhi hasimu wake.

Unyakuzi huo uliwezekana kwa sababu ya mfumo wenyewe wa mchezo. Ligi ya BBL, iliyoanzishwa mwaka 1987, haikuwa na utaratibu wa timu kupanda na kushuka daraja kama ilivyo katika soka. Mwenye kumiliki nafasi ya kushiriki aliweza kuiuza, na mnunuzi aliweza kuihamisha. Timu, kwa mujibu wa sheria, ilikuwa ya mwenye hati wala si ya mji. Mwaka 1995 Sir John Hall, mjenzi wa jumba la maduka la Metro Centre na mwenyekiti wa klabu ya soka ya Newcastle United, aliichukua timu ya Sunderland na kuihamishia Newcastle. Ilipewa jina la Comets, na mwaka 1996 ikaitwa Eagles. Azma ya Hall ilikuwa kuunda klabu kubwa ya michezo mingi kwa mfano wa Barcelona: soka, raga, mpira wa magongo wa barafuni na mpira wa vikapu, vyote chini ya mwavuli mmoja. Timu hiyo ilipewa makao katika ukumbi mpya na mkubwa wa Newcastle Arena, uliofunguliwa mwaka huohuo wa 1995.

Ndoto hiyo ilimeta, lakini si kila king'aacho ni dhahabu. Kabla ya miaka ya 1990 kumalizika, mwavuli ulikuwa umekunjwa na kila mchezo ukaachwa ujitafutie riziki. Katika miaka yote ya mradi huo, Eagles hawakuwahi kutwaa ubingwa wa ligi. Mashabiki wa Sunderland walikuwa wamepoteza timu, nao wa Newcastle walikuwa wamepata timu wasiyoijua vyema. Mtegemea cha nduguye hufa maskini, na mauti yalikuwa yakiinyemelea Eagles.

Yaliyotokea Manchester wakati huohuo yanathibitisha kwamba hatari hiyo haikuwa ya kubuni. Mwaka 1995 timu ya Manchester Giants, iliyomilikiwa na kampuni ya Kimarekani, ilicheza mbele ya watazamaji 14,251 katika ukumbi mpya wa jiji hilo. Idadi hiyo ilikuwa ya kustaajabisha kwa mchezo huu nchini Uingereza, na wengi waliamini kwamba mpira wa vikapu umefika. Mwaka 2001 Giants hao walisambaratika. Umati wa usiku mmoja haukuweza kuchukua nafasi ya jamii inayorejea ukumbini juma baada ya juma, mvua inyeshe au jua liwake.

Kilichowatenganisha Eagles na Giants ni nini? Jibu halimo katika bahati. Usimamizi uliangukia mikononi mwa watu waliokuwa ndani ya mchezo wenyewe, akiwemo Paul Blake, aliyeiongoza klabu kwa miaka mingi baada ya Hall kujiondoa. Kisha akateuliwa Fabulous Flournoy, mzaliwa wa Bronx jijini New York, ambaye kuanzia mwaka 2002 alikuwa mchezaji na kocha kwa wakati mmoja. Katika ligi ambayo wachezaji kutoka Marekani wamezoea kuja msimu mmoja na kuondoka, Flournoy alikaa. Ukaazi huo una uzito kuliko takwimu zozote za mabao. Mtoto aliyemwona kocha akifunza katika shule yake akiwa na umri wa miaka minane aliweza kumwona tena akiwa na miaka kumi na minane.

Aidha, mwaka 2006, mwaka uleule wa vikombe vinne, klabu ilianzisha wakfu wa kijamii wa kuupeleka mchezo mashuleni na mitaani. Klabu nyingi huanza kazi ya namna hiyo zinapokuwa na ziada ya fedha, na huiacha zinapobanwa. Eagles waliifanya kuwa nguzo. Watoto walifunzwa kudunda mpira na kutunza afya. Vilabu vidogo vya vijana vikachipuka. Wazazi waliowasindikiza watoto wao wakawa ndio wanunuzi wa tiketi. Shabiki hakuletwa na tangazo. Alilelewa.

Suala la makao nalo halina budi kuzingatiwa. Mwaka 2010 Eagles waliuacha ukumbi mkubwa wa maelfu ya viti na kuhamia ukumbi mdogo wa Chuo Kikuu cha Northumbria. Aliyetazama kwa juujuu angedhani kwamba timu imeshuka hadhi. Kinyume chake, ukumbi mdogo uliojaa una uhai ambao ukumbi mkubwa ulio mtupu hauwezi kuwa nao. Mnamo Januari 2019 wakahamia nyumba yao wenyewe katika barabara ya Scotswood, yenye nafasi ya watazamaji takribani 2,800 na viwanja vinavyotumiwa na watoto siku ambazo timu haichezi. Umuhimu wa hatua hiyo ulidhihirishwa na mkasa wa Plymouth Raiders, klabu kongwe ya kusini magharibi, iliyojiondoa katika ligi mwaka 2021 baada ya kushindwa kuafikiana na wenye ukumbi iliokuwa ikiukodi. Nguo ya kuazima haisitiri maungo.

Wapo watakaopinga. Watasema kwamba bila fedha za Hall, Newcastle isingekuwa na timu ya kulelewa na yeyote. Hoja hiyo ina chembe ya ukweli, lakini inasahau kwamba kilichonunuliwa kilikuwa tayari kimejengwa na watu wa Sunderland, na kwamba tajiri alihamisha zaidi ya alivyoumba. Wengine watauliza: mizizi hiyo ina faida gani ikiwa tangu mwaka 2015 hadi BBL ilipofikia kikomo timu haikutwaa tena ubingwa wa ligi, ingawa ilitwaa taji la mchujo wa mwisho mwaka 2021? Swali hili ni zito, na halipaswi kukwepwa. Mizizi haileti vikombe kila mwaka. Klabu yenye mtaji mkubwa inaweza kununua wachezaji bora, kama London Lions walivyofanya na kutwaa ubingwa wa ligi mwaka 2023.

Hata hivyo, yaliyofuata yalilijibu swali hilo. Kampuni ya 777 Partners ya Miami, iliyokuwa ikiwamiliki Lions, ilikuwa imenunua asilimia 45 ya hisa za BBL mwaka 2021 kwa pauni milioni 7. Kampuni hiyo ilipoyumba, ligi nzima iliyumba nayo. Mnamo Juni 2024 shirikisho la mchezo huo liliipokonya BBL leseni, na ligi iliyodumu tangu 1987 ikafikia tamati. Lions walilazimika kusubiri mmiliki mpya ndipo wanusurike. Klabu zilizosimama na kuunda ligi mpya ya Super League Basketball mwaka huohuo zilijumuisha Eagles, pamoja na Leicester Riders, klabu nyingine iliyohangaikia makao kwa muda mrefu kabla ya kupata ukumbi wake mwaka 2016. Yaliyowafika Newcastle katika miaka ya 1990 yaliifika ligi nzima miongo mitatu baadaye; tofauti ni kwamba safari hii Eagles walikuwa na nyumba na watu.

Basi, anayeandika historia ya Eagles na aandike mambo mawili kwa pamoja. Aandike kwamba mti huu uling'olewa Sunderland, na kwamba deni hilo halijafutwa na kikombe chochote. Aandike pia kwamba ulipopandwa upya haukustawishwa na kisima cha tajiri, bali na mikono mingi iliyoumwagilia maji kidogo kidogo. Kwa yeyote anayeasisi chama, klabu au jumuiya, funzo ni wazi: mfadhili apokewe kwa shukrani, lakini asikabidhiwe mizizi. Haba na haba hujaza kibaba, na kibaba kilichojazwa hivyo hakimwagiki mtu mmoja anapoondoka.