Hoteli ya Familia: Familia ya Nani?



Ukiingia katika ofisi za mawakala wa utalii mjini Arusha utapewa vijitabu vinavyosifu hoteli za mbugani kuwa ni hoteli za familia. Picha zake hufanana: baba, mama na watoto wawili wenye kofia wamesimama katika gari lililofunguliwa paa, na twiga kwa mbali. Maelezo yasema kwamba watoto hupokewa kwa mikono miwili; kwamba vipo vyumba vyenye mlango wa katikati ili wazazi walale karibu na watoto wao; kwamba chakula cha watoto huandaliwa mapema kabla hawajasinzia; kwamba bwawa la kuogelea lina upande wa maji mafupi; na kwamba yuko yaya wa kubaki na mtoto endapo wazazi watapenda kula kwa utulivu. Hatuna ugomvi na lolote kati ya hayo. Mzazi anayetumia akiba yake ili mwanawe awaone nyumbu kwa macho yake mwenyewe anafanya jambo jema, nasi tungefurahi kama wazazi wa Kitanzania walio wengi wangeweza kulifanya. Ugomvi wetu uko katika neno lenyewe, familia, linalotumiwa hapo kana kwamba katika hoteli nzima wenye familia ni wale tu waliolipia kitanda.

Mkesha wa Noeli ya mwaka 2023 tuliitwa na wafanyakazi Wakatoliki wa loji moja iliyomo ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Serengeti, tuwaadhimishie Misa. Noeli ni msimu wa wageni wengi, na hakuna anayepewa ruhusa ya kwenda kwao. Tulitoka Karatu asubuhi, tukapita lango la Lodoare, tukapanda ukingo wa Ngorongoro katika ukungu, kisha tukashuka kwenye tambarare hadi lango la Naabi na kuendelea mbele. Jina la loji hatulitaji, kwa kuwa tuliyoyasikia hapo tumekwisha kuyasikia kwa wafanyakazi wa nyingine, na si haki mmoja apigwe kwa kosa la wengi.

Misa ilianza saa nne na nusu usiku katika bwalo la wafanyakazi, nyuma ya jiko, baada ya wageni kumaliza kula. Wengine walikuja na sare zao. Injili ya usiku ule, kama mjuavyo, ni ya Luka, ya wazazi waliokosa nafasi katika nyumba ya wageni. Tuliisoma mbele ya watu ambao kazi yao ni kutandika vitanda vya nyumba ya wageni, na ambao watoto wao hawawezi kulala humo hata usiku mmoja. Mahubiri tuliyokuwa tumeyaandika tuliyaacha mfukoni.

Baada ya Misa tulikunywa chai. Mama mmoja, yaya wa loji hiyo, alichelewa kuingia kwa sababu mtoto wa mgeni alikataa kulala mpaka abebwe. Tulimwuliza, "Na wa kwako wako wapi, mama?"

"Wako kwa mama yangu, Padre. Watatu."

"Wanakukumbuka?"

"Wakubwa wananikumbuka. Huyu wa mwisho nikifika ananiletea kigoda, ananikaribisha vizuri kabisa. Halafu anakimbilia kwa bibi yake, ndiye anayemwita mama."

Alisema hivyo bila kulalamika, na wenzake wakacheka kidogo, kwa maana kila mmoja alikuwa na habari yake ya namna hiyo. Mtoto amemkaribisha mama yake kama mgeni. Mafunzo ya ukarimu ambayo mama anayapata kazini, mwanawe ameyapata nyumbani kwa njia nyingine.

Tuliuliza juu ya ratiba. Miezi miwili kazini, siku kumi na nne nyumbani. Wageni wakiwa wengi, miezi miwili huwa mitatu. Katika siku hizo kumi na nne, mbili huliwa na barabara. Mvua za masika zikija wageni hupungua, nao wenye mikataba ya msimu huambiwa wasubiri kuitwa. Mwaka 2020, wakati wa korona, nchi yetu iliyokuwa imepokea watalii milioni 1.5 mwaka uliotangulia ilipokea kama 620,000 tu, na watu wa loji walirudishwa makwao bila mshahara. Mmoja wao bado ameitunza barua aliyopewa siku ile. Inaanza kwa kuwaita wafanyakazi wote wanafamilia.

Hatusemi kwamba sheria haipo. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inampa mama mzazi siku 84 za likizo, au 100 akijifungua watoto zaidi ya mmoja kwa pamoja. Inasema pia kwamba mama anayenyonyesha aruhusiwe kumnyonyesha mtoto wake saa za kazi, hadi saa mbili kwa siku. Ni kifungu kizuri, na waliokitunga walimfikiria mama. Lakini huyo mama tunayemsema alirudi kazini mtoto akiwa na miezi mitatu, na mtoto akabaki zaidi ya kilomita 100 kutoka hapo. Saa zake mbili alipewa, hakunyimwa. Alizitumia kukamua maziwa na kuyamwaga katika sinki la bafu la wafanyakazi, mpaka yalipokauka. Mkaguzi wa kazi akija na karatasi zake ataandika kwamba mwajiri ametimiza sheria. Wakati huohuo, mtoto wa mgeni asiyefikia miaka mitano hupita lango la hifadhi bila kulipa kiingilio, na jikoni kuna kiti chake kirefu na bakuli lake lenye picha ya simba.

Meneja, ambaye alitupokea kwa heshima na hata kutupatia mafuta ya gari ya kurudia, alikuwa na jibu. Alisema hifadhi si kijiji. Wafanyakazi wakiruhusiwa kuishi na wake, waume na watoto, patahitajika shule, zahanati, duka, maji zaidi, kuni, shimo la takataka. Na katika miaka kumi patakuwa na mji katikati ya njia ya wanyama. Hoja hii ina uzito na hatuidharau. Serengeti haistahili kugeuzwa mji. Lakini tuitazame hoja yenyewe mpaka mwisho wake. Ikiwa ardhi ile haiwezi kubeba watoto wa mpishi, inabebaje watoto wa wageni, wanaooga mara mbili kwa siku na kuogelea katika maji yaliyoletwa kwa bowza? Atasema wale hukaa siku tatu, kisha huondoka. Ndiyo, na wengine huingia kitanda kikiwa bado kina joto. Kitanda hakiulizi kama aliyekilalia jana ndiye yuleyule wa leo, wala maji hayaulizi.

Tena hatukudai kijiji. Yapo mambo yanayowezekana bila kujenga hata nyumba moja ndani ya hifadhi. Mzunguko wa wiki nne kazini na wiki moja nyumbani, pamoja na usafiri wa kampuni, ungegharimu madereva wawili na mafuta. Mama aliyetoka uzazi angeweza kupangiwa kazi katika ofisi ya kampuni ya Karatu au Arusha mpaka mtoto aache kunyonya. Karibu kila kampuni ya loji ina ofisi mjini. Chumba kimoja kingetengwa, kimoja tu, ambamo mume au mke wa mfanyakazi angekuja kulala siku mbili kwa zamu. Tulipotaja hicho chumba, meneja alitabasamu na kutuambia bei yake kwa usiku katika mwezi wa Desemba. Hapo tukaelewa kwamba habari ya kuni na takataka ilikuwa imekwisha, na sasa tunazungumza habari yenyewe.

Kanisa limekwisha kusema juu ya jambo hili, na si jana. Papa Leo wa XIII, mwaka 1891, alifundisha kwamba ujira hauwi wa haki kwa sababu tu mfanyakazi ameukubali, maana mwenye njaa hukubali lolote. Hati ya Haki za Familia, iliyotolewa na Kiti Kitakatifu mwaka 1983, inasema katika kifungu chake cha 10 kwamba kazi yapaswa kupangwa kwa namna inayowawezesha watu wa familia moja kuishi pamoja. Haikusema wapandishiwe mshahara ili wavumilie kutengana.

Mapadre nasi tujiulize. Tunapanda altareni na kuwakemea waume wenye nyumba ndogo huko mjini, na wake waliochoka kungoja. Tunafunga ndoa Juni na kuwaita maarusi wale wale ofisini mwaka wa tatu kwa usuluhishi. Ni mara ngapi tumeomba kuiona ratiba ya kazi iliyowatenganisha? Tunamhubiria uaminifu mtu ambaye ameonana na mkewe siku sitini katika mwaka mzima. Wala tusisahau kwamba majimbo na mashirika yetu yanazo hosteli na nyumba za wageni. Humo nako wamo wasichana wa jikoni wanaolala chumba kimoja wanne na ambao wakishika mimba hurudishwa kwao kimyakimya. Mwenye kuandika haya amewahi kusimamia nyumba ya namna hiyo, na hakuuliza alichopaswa kuuliza.

Iko pia familia nyingine ambayo brosha huitumia kama pambo. Katika ratiba ya watoto wa wageni huwekwa saa moja ya kujifunza kwa Mmasai: kutupa mkuki, kutunga shanga, kuwasha moto kwa kijiti. Watoto hufurahi, na kijana hupata bahashishi yake. Hakuna anayewaeleza watoto hao kwamba mwaka 1959 Wamasai waliokuwa wakiishi Serengeti waliondolewa na kuelekezwa Ngorongoro kwa ahadi ya kuishi humo pamoja na mifugo yao; kwamba katikati ya miaka ya 1970 waliondolewa pia ndani ya kreta; na kwamba tangu Juni 2022 familia zimekuwa zikihamishwa kutoka Ngorongoro kupelekwa Msomera, wilayani Handeni. Serikali imesema kuhama huko ni kwa hiari, na kwamba watu waliokuwa takriban 8,000 mwaka 1959 wameongezeka na kuzidi 100,000. Agosti 2024 maelfu ya wakazi walisimama barabarani kusema kwamba hiari hiyo hawaijui. Desemba ya mwaka huo Rais Samia Suluhu Hassan alikutana nao Arusha na kuahidi tume mbili, nazo zilizinduliwa Februari 2025. Yatokanayo na tume si kazi ya kijarida hiki kuyatabiri. Tunachosema ni kwamba ukoo ambao sasa nusu yake iko Handeni na nusu Ngorongoro ni familia, na kwamba vitanda vya wageni vilivyoko ukingoni mwa kreta vihesabiwe kwa ukali ule ule wanaohesabiwa watoto wa bomani.

Juu ya majirani wa hifadhi upande wa magharibi, wakulima ambao tembo huwatembelea usiku, tutaandika siku nyingine. Kwa leo yatosha kukumbusha kwamba kanuni za mwaka 2011 zilikataa kuyaita malipo yao fidia; ni kifuta jasho kwa shamba lililoliwa, na kifuta machozi kwa aliyeuawa, ambacho kanuni hizo zilikipangia shilingi milioni moja. Watoto wa huko wanamjua tembo kuliko mtoto yeyote aliyelala lojini. Kumtazama akiwa ametulia, mchana, bila woga, hawajapata. Kiingilio cha raia si kikubwa, tunakiri. Kinachowashinda wazazi na walimu wao ni gari. Loji zina magari ambayo wakati wa masika hukaa yameegeshwa wiki nyingi.

Januari 2024 tuliiandikia kampuni ya loji ile barua yenye maombi manne: mzunguko wa wiki nne, kazi ya mjini kwa mama anayenyonyesha, chumba kimoja cha mwenzi wa ndoa, na magari mawili kwa wanafunzi wa shule za jirani katika mwezi wa Aprili. Nakala tulimpelekea mwenyekiti wa tawi la chama cha wafanyakazi. Kampuni ilijibu kwa ukurasa mmoja. Magari imeyakubali, na watoto 46 wamekwisha kwenda. Juu ya hayo matatu mengine imetushukuru kwa maoni yetu. Tumeandika tena. Yule mama bado yuko kazini, na likizo yake imesogezwa mbele kwa sababu kuna kundi kubwa linakuja, familia sita kwa pamoja.