Mwaka wa nne wa zoolojia uhamie Mbamba Bay

Wahitimu wa zoolojia wanaotoka vyuoni mwetu kila mwaka wana nadharia ya kutosha. Kinachowapungukia ni muda wa kumfuatilia mnyama mmoja mpaka wajue jambo ambalo halimo kitabuni. Shahada ya kwanza ni ya miaka mitatu, na mradi wa utafiti husubiri mwaka wa mwisho, ukigombea muda na mihadhara na mitihani. Kwa muhula mmoja mwanafunzi anaweza kujifunza kuandika ripoti, lakini hawezi kuona samaki akitaga, akilea na kurudi kutaga tena. Afrika Kusini walilitatua hili kwa kuweka mwaka mmoja kati ya shahada ya kwanza na uzamili, wenye masomo ya darasani na utafiti wa mwanafunzi mwenyewe. Una krediti 120, na zisizopungua 30 kati ya hizo lazima ziwe za utafiti. Australia nao wana mwaka wa namna hiyo. Naona Tanzania nayo iuanzishe katika zoolojia, na kituo chake cha kwanza kiwe mwambao wa Ziwa Nyasa mkoani Ruvuma, kuanzia Lituhi hadi Chiwindi.

Nachagua Nyasa kwa sababu ni mahali ambapo hata mtafiti asiye na fedha hakosi swali la kuuliza. Ziwa hili lina aina za samaki zinazokadiriwa kufika 800 hadi 1,000, na nyingi hazipatikani popote pengine duniani. Chukua mbuna, samaki wadogo wenye rangi kali wanaokwangua mwani kwenye mawe. Jike hubeba mayai na vifaranga mdomoni kwa takriban wiki tatu. Mbuna wa miamba hii hapendi kuvuka eneo pana la mchanga au kina kirefu kwenda miamba ya pili, hivyo baada ya vizazi vingi kila rundo la mawe hupata mbuna wenye rangi zao, na pengine aina yao. Wafanyabiashara wa samaki wa mapambo walilijua hili mapema. Yupo mbuna ambaye kwa miaka mingi ameuzwa Ulaya na Marekani kwa jina la kisiwa chetu cha Hongi, bila kuwa na jina rasmi la kisayansi. Si ajabu mfugaji wa samaki wa Ujerumani akakitaja Hongi kabla ya mwanafunzi wa Songea. Kuwahesabu samaki hawa kunahitaji miwani ya kuzamia, kamba iliyotiwa alama za mita, kibao cha kuandikia majini na mtu mwenye subira. Vifaa hivyo havimshindi mkuu wa idara yoyote.

Wapo watakaosema kwamba rangi za samaki ni anasa ya wasomi. Basi tuzungumzie kitoweo. Mbasa hupanda mito kwenda kutaga, na anayetega wavu mlangoni mwa mto wakati huo anavuna samaki wa leo pamoja na wa miaka ijayo. Usipa huvuliwa kwa taa usiku wa giza, na wingi wake hupanda na kushuka kwa namna inayomchanganya mvuvi na afisa uvuvi pia. Tuzungumzie na afya. Upande wa Malawi, huko Cape Maclear, mtafiti Jay Stauffer na wenzake walihusisha kuongezeka kwa kichocho na kupungua kwa samaki wanaokula konokono wanaoeneza ugonjwa huo; samaki hao walimalizwa na nyavu karibu na ufuko. Mwambao wetu una maji yaleyale, na kujua nani anakula konokono Liuli au Mbamba Bay ni kazi inayomtosha kabisa mwanafunzi wa mwaka wa nne.

Pingamizi la umbali limepungua nguvu. Lami imeshafika Mbamba Bay kutoka Mbinga, kilomita 66. Na milima ya Umatengo ilishathibitisha kwamba utafiti wa kina unawezekana huku: miaka ya 1990 Chuo Kikuu cha Sokoine kiliungana na Chuo Kikuu cha Kyoto kuchunguza kilimo cha mashimo kiitwacho ngoro, na watafiti walikaa vijijini kwa muda mrefu. Kwa upande wa samaki, Taasisi ya Utafiti wa Uvuvi Tanzania (TAFIRI) ina kituo Kyela. Utafiti kuhusu samaki wa Ziwa Masoko, Rungwe, uliochapishwa mwaka 2015 katika jarida la Science, ulikuwa na Benjamin Ngatunga wa TAFIRI miongoni mwa waandishi wake. Uwezo upo, ila walioupata ni wachache.

Pingamizi zito ni la mzazi: mwaka wa nne nani ataulipia, na kijana ataajiriwa wapi? Mzazi ana haki ya kuuliza. Mwaka huu usiwe wa lazima. Uwe wa wachache waliofaulu vizuri, wapewe mkopo kama wenzao, na krediti zao zihesabiwe wakienda uzamili, ili muda usipotee mara mbili. Kuhusu ajira, bandari mpya inajengwa Mbamba Bay, na makaa ya mawe ya Ngaka yako jirani. Kila mradi wa aina hiyo unahitaji tathmini ya mazingira, na tathmini inahitaji mtu anayejua ni samaki gani walikuwa kwenye yale mawe kabla ya meli kuanza kutia nanga. Tusipomwandaa mtu huyo sasa, tutamkodi kutoka nje kwa bei yake.

Tume ya Vyuo Vikuu ikitoa kibali, idara ya zoolojia ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam inaweza kuanza na wanafunzi watano na nyumba moja ya kupanga Mbamba Bay. Waheshimiwa wabunge wa Nyasa na Mbinga, liulizeni swali la mwaka huu wa nne bungeni katika bajeti ijayo.