Kampuni Si Baba, Wala Mungu Si Kampuni

Twaandika haya tukiikumbuka Kenya. Siyo nchi ile yenye mlima wa theluji, bali mtaa wa Kenya, Lubumbashi. Akina mama wanaouza unga na samaki wakavu sokoni huko huulizana kila asubuhi: dola leo ni faranga ngapi? Swali hilo ni la tumbo, nalo ni la imani vilevile, maana ndani yake mna swali jingine: tumtegemee nani?

Wazee walikuwa na jibu. Kampuni ya Union Minière, iliyoundwa mwaka 1906, ilianza katika miaka ya 1920 kuwakalisha wafanyakazi pamoja na wake na watoto wao. Iliwapa nyumba, posho, dawa na shule. Shule hizo ziliongozwa na wamisionari Wabenedikto, hata mtoto wa kambini akakua akisikia kengele ya sala na king'ora cha kazi pamoja. Si ajabu watu waliiita kampuni baba na mama. Mwaka 1967 Serikali ilishika mali yake, na baadaye ikaitwa Gécamines. Baba alibadili jina, posho ikaendelea.

Lakini Septemba 1990 mgodi wa Kamoto, huko Kolwezi, uliporomoka. Shaba, iliyozidi tani 400,000 kwa mwaka katika miaka ya 1980, ikashuka chini ya tani 50,000 mwaka 1994. Mishahara ikakawia miezi mingi. Kuanzia mwaka 2003 wafanyakazi zaidi ya 10,000 walipewa fungu moja la fedha, wakaaga kazi. Jambo hilo liliitwa kuondoka kwa hiari. Hiari gani, kwa mtu mwenye njaa?

Nao walioweka akiba sandukuni? Mwaka 1993 zaire 3,000,000 za zamani zilibadilishwa kwa zaire mpya 1. Mwaka 1998 zaire mpya 100,000 zikawa faranga 1. Pigeni hesabu, enyi wanafunzi: zaire 300,000,000,000 za kwanza ni faranga moja tu! Na mwaka 1967, zaire moja ilikuwa sawa na dola mbili.

Baada ya maanguko hayo wamezuka wahubiri wanaosema: panda mbegu ya dola kumi, Mungu atakurudishia mia. Twasema wazi kwamba huyo si Baba wa Bwana wetu Yezu Kristu. Ni kampuni nyingine, yenye posho ya ahadi, na siku posho isipokuja maskini ataambiwa kwamba imani yake ni haba.

Mtu atatuuliza: je, kumtumaini Mungu kunalipa ada ya shule? Hakulipi. Ada hulipwa kwa jasho, na mwenye deni la mshahara anayo haki ya kulidai bila kuona haya. Lakini wako akina baba ambao, kazi ilipokwisha, waliacha hata Misa kwa aibu, kana kwamba mtu hufutwa pamoja na namba yake ya kazi. Hapo ndipo imani ina neno. Yeye aliyemwumba mtu huyo hakumwandika katika daftari la kampuni, wala hawezi kumwachisha.

Mtazameni tena yule tajiri wa Injili aliyetaka kujenga ghala kubwa zaidi. Yezu hakulaumu mavuno yake. Ila katika shauri lake lote tajiri yule alisema na nafsi yake tu. Hakuna jirani hata mmoja aliyetajwa.

Akina mama wa likelemba wamelifahamu jambo hilo pasipo kufundishwa. Kila mmoja hutoa sehemu yake, mmoja hupokea, na zamu huzunguka. Mwenzao akifiwa, aliye na zamu siku hiyo aweza kumwachia, naye hungoja.