Anayenunua kwa Ndoo Ndiye Mtaalamu wa Bei

Kila bei ya maji inapotaka kupanda mjini, kauli ni ileile: "Bei ni hesabu, waachieni wahandisi na wahasibu. Mwananchi ukimuuliza atasema ipungue, basi." Wanaisema wenye vyeo, na kibaya zaidi, wanaisema hata wananchi wenyewe. Si kweli, na inatugharimu.

Tuanze na hiyo hesabu. Uniti moja ya maji ni lita 1,000, yaani ndoo 50 za lita 20. Mkazi wa Dar es Salaam mwenye bomba ndani hulipa kwa uniti, ankara ikija mwisho wa mwezi. Asiye na bomba hulipa kwa ndoo, taslimu, kabla hajajitwisha. Ndoo ikiuzwa shilingi 100, uniti yake ni shilingi 5,000, bei inayozidi kwa mbali ile ya jirani yake mwenye bomba. Mwishoni mwa 2022, Mto Ruvu ulipopungua na mgawo ukaanza, bei ya ndoo ilipanda mitaani bila kikao chochote. Sasa niambieni, kati ya mama anayepiga hesabu hiyo kila alfajiri na mhasibu anayeiona kwenye jedwali, nani mgeni wa bei ya maji? Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake.

Tuingie ndani ya bei yenyewe. Humo kuna umeme wa pampu, dawa za kusafishia, mishahara, mikopo na matengenezo. Kuna pia maji yaliyosafishwa kwa gharama yakapotea njiani. Ofisini upotevu huo ni asilimia. Mtaani ni dimbwi lisilokauka hata kiangazi, ni nyumba iliyojiunganishia bomba usiku na kila jirani anaijua. Maarifa hayo yanapunguza gharama, na hayapatikani katika kompyuta yoyote. Anayemfungia mwananchi mlango anafungia nje habari anazozihitaji kuliko mtu mwingine.

Watasema: lakini watu wanataka maji ya bure. Hapana. Anayenunua ndoo ameshathibitisha kwa fedha yake kwamba yuko tayari kulipa. Anachokataa ni kulipia hewa: bomba linakoroma, mita inazunguka, ndoo ni tupu. Nami sitetei bei ya kubembeleza. Mamlaka inayouza maji chini ya gharama hushindwa kutengeneza pampu, na pampu ikifa wa kwanza kukauka ni maskini wa mwisho wa bomba. Ndiyo maana bei lazima ielezwe kwa mlipaji, ahojiwe, naye ahoji.

Cochabamba, nchini Bolivia, walijaribu njia ya mkato, bila kumhoji mlipaji. Mwaka 1999 huduma ya maji ya mji ilikabidhiwa kampuni binafsi kwa mkataba wa miaka 40. Mwanzoni mwa 2000 bei ikapandishwa, watu wakaingia barabarani, kijana wa miaka 17 akapigwa risasi akafa, na mkataba ukavunjwa Aprili mwaka huohuo. Bei ikarudi chini, lakini vitongoji vya kusini vikaendelea kununua maji ya maboza. Hasira inaweza kushusha bei. Haiwezi kulaza bomba. Bomba hulazwa na watu waliokubaliana nani alipe nini, na apate nini.

Kwetu Tanzania sheria ilishaamua. Sheria ya EWURA, mamlaka ya udhibiti wa huduma za nishati na maji, ya mwaka 2001 inataka taftishi, yaani uchunguzi wa wazi wa kukusanya maoni, ifanyike kabla bei haijapangwa, na imeunda baraza la kuwasemea watumiaji. Lakini taftishi ikiitishwa ukumbini asubuhi ya siku ya kazi, mama wa ndoo yuko kwenye foleni ya maji na kibarua yuko kazini. Wanaobaki kuzungumza ni wenye mabomba. Kisha tunaambiwa mwananchi hana mchango!

Nadai mambo matatu. Taftishi ifuate watu kwenye magati ya kuchotea maji na kwenye ofisi za serikali za mitaa, jioni au Jumapili. Maombi ya bei yaandikwe kwa Kiswahili katika ukurasa mmoja, na bei itajwe kwa ndoo, si kwa uniti pekee. Na kila nyongeza ije na ahadi inayopimika: uvujaji upungue kiasi gani, maji yatoke siku ngapi kwa wiki, ahadi ikivunjwa, nyongeza inayofuata isijadiliwe.

Nawe mwananchi, acha kusema hujui hesabu. Umeihesabu miaka yote, ndoo kwa ndoo, hadi 50. Taftishi ikitangazwa, nenda na hesabu hiyo, uisome kwa sauti.