Tusing'ang'anie programu za kunakili

Katika steshenari nyingi za Mwanza, kuanzia Makoroboi hadi Igoma, kompyuta kuukuu ndizo zinazochapa barua, CV na mitihani ya shule. Si ajabu kukuta Windows iliyonakiliwa bila leseni, huku virusi vikihama kwa flashi kutoka mteja hadi mteja. Tena Oktoba 14, 2025, Microsoft ilihitimisha huduma yake ya kawaida kwa Windows 10.

Mbadala upo: Linux badala ya Windows, na LibreOffice kwa kazi za ofisi, programu huria zinazoruhusiwa kutumiwa, kunakiliwa na kurekebishwa bila kulipia leseni. Wala si ngeni kwetu. Mwaka 2004, mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa Jambo OpenOffice, programu huria ya ofisi kwa Kiswahili.

Kweli, bando ni ghali, mafundi wa Linux ni wachache, na baadhi ya printa husumbua. Lakini programu ikishapakuliwa mara moja, flashi moja yaweza kuhudumia mtaa mzima, na kihalali.

Tunazishauri shule na vyuo vya ufundi vya kanda ya ziwa vifundishe programu hizi, na halmashauri zianze kwa kompyuta chache. Mtaka cha mvunguni sharti ainame.