Hasimu Hawi Shahidi

Tangu lilipotolewa tangazo kwamba toleo hili litahusu mashindano ya uandishi ya mtandaoni, ambamo washindani wenyewe husomeana kazi zao na kupeana alama, meza yangu imejaa nyaraka za ndugu zetu waandishi kutoka Tanga, Nairobi, Lamu na hata Maskati, na katika nyaraka hizo nimekuta hamasa nyingi na insafu chache. Kuna wanaosema kwamba mtunzi hafai kabisa kumpima mtunzi mwenziwe, na kwamba kazi hiyo irejeshwe kwa majaji watatu wenye elimu. Na kuna wanaodai kwamba wasomaji wakiwa wengi hujitakasa kwa wingi wao, kama maji mengi yasivyonajisika kwa tone la najisi. Baina yao wamesimama walio wengi, ambao dawa yao ni waadhi: washindani wahimizwe wawe waaminifu, wamche Mungu, wasioneane hasadi. Ni waadhi huu ulionisukuma kuandika, kwa maana nimeusikia miaka mingi, na sijaona shindano hata moja lililotengenea kwa sababu yake.

Miaka kadhaa iliyopita niliombwa na waandaaji wa shindano moja la hadithi fupi niwe mjumlishaji wa alama. Kila mshindani alipelekewa kwenye simu yake hadithi tano za wenziwe zisizo na majina, akatakiwa kuipa kila moja alama kuanzia 1 hadi 10. Usiku wa kujumlisha, katika mstari wa hadithi ya bibi mmoja wa Pangani, mshona mikeka, ambaye anaupima umri wake uliosalia kwa urefu wa ukili uliobaki kikapuni, niliona 9, kisha 8, kisha 9, kisha 9 tena, kisha 1. Jumla ni 36, na wastani 7.2. Hadithi iliyokuwa chini yake katika jedwali ilipata 7, 7, 8, 8 na 7, jumla 37, wastani 7.4, ikatwaa tuzo. Aliyeitoa ile 1 hakuandika hata neno moja la sababu, na nilipolifungua jina lake, kwani mimi peke yangu ndiye niliyekabidhiwa majina, nikaona kuwa ni yeye aliyeandika hadithi iliyoshinda.

Sisemi kwamba alidhulumu. Yamkini hadithi ile ilimchukiza kwa dhati, kama vile baadhi ya watu hawawezi kabisa kustahimili simulizi iendayo polepole. Wala sikuwa na njia ya kuuingia moyo wake nikajua. Nilitangaza matokeo kama yalivyokuwa, maana kanuni hazikunipa ikhtiari nyingine, na jambo hilo limenikaa kifuani hadi leo. Walakini ubaya wenyewe wa mambo ni huo huo kwamba hapakuwa na njia ya kujua. Shindano lilimweka mtu kuwa hakimu juu ya jambo ambalo yeye mwenyewe angelifaidika nalo, kisha likamwomba awe mwadilifu. Na hata kama alikuwa mwadilifu kuliko sisi sote, lilimnyima uwezo wa kuuthibitisha uadilifu wake.

Masheikh wetu wa madhehebu ya Shafi walilipambanua jambo hili zamani sana. Ushahidi wa baba kwa faida ya mwanawe haupokewi, wala ushahidi wa hasimu dhidi ya hasimu wake; na haukukataliwa kwa kuwa baba huyo au hasimu huyo amethibitika kuwa mwongo, bali kwa kuwa tuhuma imesimama baina ya neno lake na haki. Kadhi halazimiki kuichungua nia ya mtu. Hutazama amesimama wapi, na faida inaelekea wapi, basi humwondoa kwa heshima zake zote. Nashangaa kwamba sisi tuliolelewa katika pwani iliyoijua kanuni hii tunapofika katika uandishi huisahau, tukadhani kwamba suala la haki ni suala la tabia.

Wayunani wa Athens nao, zaidi ya miaka 2,400 iliyopita, waliposhindanisha tamthilia katika sikukuu za Dionysos, hawakuridhika kuwaapisha waamuzi tu. Waliwateua kwa kura waamuzi kumi, mmoja kwa kila kabila la mji, na hukumu zao zilipokwisha kuandikwa na kutiwa katika chombo, zilitolewa tano tu bila ya kuchaguliwa, ndizo zikahesabiwa. Hivyo mwenye kutaka kuhonga hakujua amhonge nani. Utaratibu huo haukuwakinga na makosa, kwani tunasimuliwa kwamba Sophocles alishindwa na Philocles mwaka ule alioileta tamthilia ambayo sisi tunaijua kwa tafsiri ya Samuel Mushi, *Mfalme Edipode*. Lakini kukosea ni jambo moja, na kutuhumiwa ni jambo jingine, na mji ule ulijua kutenganisha hayo mawili.

Makala ya mwalimu wetu wa Tanga, ambaye amesahihisha mitihani ya taifa kwa muda mrefu, ndiyo iliyo bora katika toleo hili, na naomba isomwe kwa makini. Anaeleza jinsi wasahihishaji wanavyokusanywa kabla ya kazi, wakapewa karatasi zile zile wazisahihishe kwa majaribio, hata mkali na mpole wakakaribiana, na kwa hoja hiyo anaonyesha kwamba mtunzi ambaye hadithi yake imeangukia mikononi mwa wasomaji wakali hupoteza kabla hajasomwa. Ni kweli tupu. Ila mwalimu wa mitihani hashindanii cheti na mtahiniwa, na kwa hiyo dawa yake huponya tofauti ya mikono, isiponye tofauti ya maslahi.

Mwanahisabati wetu anapendekeza alama ya juu kabisa na ya chini kabisa zitupwe, kama ifanywavyo katika mashindano ya kuteleza kwenye barafu. Kwa kanuni hiyo hadithi ya bibi wa Pangani ingepata 8.67, na ile iliyoshinda 7.33. Nilipopiga hesabu hiyo nilifurahi, kisha nikafikiri. Wawili wakipatana kutoa 1, moja hutupwa na ya pili hubaki. Na msomaji wa pekee aliyeona katika kazi fulani kitu ambacho wenziwe hawakukiona, akaipa 10 huku wengine wakiipa 4, hutupwa nje pamoja na mwenye hila.

Kijana wetu wa Nairobi anautetea wingi kwa maneno matamu, lakini hakutaja yaliyopata Authonomy, uwanja uliofunguliwa na wachapishaji HarperCollins mwaka 2008, ambamo waandishi waliviunga mkono vitabu vya wenzao na vitano vya juu kila mwezi vikasomwa na wahariri. Waandishi wengi wakawa hawasomi tena, bali wanabadilishana kuungana mkono, niunge nikuunge, na mwaka 2015 uwanja ukafungwa. Makala kuhusu zawadi za fedha na ile ya mfasiri wa hadithi za watoto zitajisemea zenyewe.

Basi mimi nasema hivi. Washindani na waendelee kupimana, kwani hakuna asomaye kazi kwa jicho kali kuliko yule ambaye jana usiku alihangaika na sentensi kama hiyo. Lakini asipewe mtu kumpima yule anayeshindana naye. Wagawanywe kwa kura katika safu tatu. Safu ya kwanza iisome ya pili, ya pili iisome ya tatu, na ya tatu iisome ya kwanza, na kila safu iwe na tuzo yake. Ukimshusha unayemsoma hupati kitu, kwa kuwa tuzo yake si tuzo yako. Nami nimechagua tatu badala ya mbili kwa sababu: zikiwa safu mbili, mimi naweza kukupandisha nawe ukanipandisha, zikiwa tatu, ninayemsoma si yeye anayenisoma, na mapatano ya wawili yanakufa kabla hayajazaliwa. Atakayesema kwamba safu moja huenda ikawa na watunzi hodari kuliko nyingine, nitamkubalia, nami nitamjibu kwamba bahati ya kura haina hasadi.

Liko pendekezo jingine ambalo wengi wamelisifu kwangu, nalo silipendi. Mwanafalaki Michael Merrifield na mwanahisabati Donald Saari waliandika mwaka 2009 kwamba wanaoomba muda wa kutumia darubini kubwa wapimane maombi yao wenyewe, na anayepima kwa namna inayokaribiana na wenziwe aongezewe nafasi. Kupimana huko kwa waombaji kumekwisha kutumika, katika darubini za Gemini tangu 2015 na baadaye katika darubini za ALMA huko Chile, na pengine kunafaa kwa nyota. Lakini kumlipa msomaji kwa kukaribia rai ya jamaa, katika fasihi, ni kumfundisha kukisia badala ya kusoma. *Kichomi* cha Kezilahabi kilipotoka mwaka 1974, mashairi yake yasiyo na vina wala mizani yaliwagawanya wajuzi wa ushairi makundi mawili yaliyopigana kwa miaka. Lau kila mshairi wa siku zile angekuwa anaongezewa alama zake mwenyewe kwa kukubaliana na walio wengi, nani angethubutu kukisifu?

Sharti la pili nitakalolishikilia ni hoja. Mshairi wetu wa Lamu anakumbusha kwamba washairi wa pwani tangu enzi za Muyaka wa Mombasa walipimana kwa kujibizana, na jibu lenyewe likawa shairi lililo tayari kupimwa. Alama 1 iliyo kimya haina mtu nyuma yake. Jina la mtunzi na lifichwe hadi mwisho, lakini kila alama iandamane na maneno yasiyopungua hamsini, na matokeo yakishatoka, maneno hayo yachapwe pamoja na jina la aliyeyaandika.

Shindano la jarida hili litakalotangazwa katika toleo lijalo litaendeshwa kwa safu tatu na kwa maneno hamsini. Na hadithi ya bibi wa Pangani imechapwa hapa kwa idhini ya mtunzi wake, ambaye aliniuliza kama airekebishe kwanza, hasa mwanzo wake, ambapo kwa kurasa mbili nzima hapatokei jambo lolote ila kushonwa kwa mkeka. Nilimwomba asiguse kitu.