Hofu Hufundisha Maneno

Mtoto aliyesoma shule ya msingi kwa Kiswahili hukutana na Kiingereza kitupu akiingia Kidato cha Kwanza. Usimkaririshe kamusi, mimi nilikariri, nikasahau. Mpe "Treasure Island", kitabu cha Stevenson cha mwaka 1883. Humo kijana Jim amkuta mtu wa kutisha msituni, naye asema kwamba yeye ni "marooned". Neno gumu! Lakini mtoto asisimame, asome mbele: mabaharia wenzake walimwachia bunduki, sepetu na sururu, wakatweka tanga, akakaa kisiwani peke yake miaka 3. Ni kama kuachwa mchangani Matema, mtumbwi ukienda zake. Neno hilo atalisahauje? Kila jioni aandike maneno 3 tu, ayatungie sentensi. Haya, jaribuni nyumbani.